Alama Juu ya Kizingiti

Kosa lenyewe ni hili, na lisemwe kabla ya jambo lingine lolote: mpimaji wa mradi wa majitaka alimruhusu mwanamke mmoja apandishe kizingiti cha nyumba yake, akamwambia achore upya alama ya vipimo juu ya saruji mpya. Mradi ulipoharibika, mpimaji huyohuyo alisimama mbele ya mtaa mzima akasema hajawahi kumwambia kitu. Watu wakamwamini, kwa sababu yeye alikuwa na darubini na mwanamke alikuwa na ufagio.

Mwanamke huyo alikuwa msafishaji wa shule ya msingi. Mtaani walimwita Mama Ufagio, naye hakuchukia. Hakuwahi kukaa kwenye dawati kama mwanafunzi. "Mimi nimepita madarasa yote saba," alikuwa akisema, "tena kila siku. Nyie mmepita mara moja tu." Mume alikuwa amefariki. Alibaki na nyumba ya vyumba viwili, na mama yake mzazi ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi, akawa wa kulala kwenye godoro chumba cha mbele, karibu na mlango, apate hewa. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikaa nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa huo, kule chini, na ndiye aliyeshona sare za nusu ya watoto wa shule.

Kusema kule chini ni kuwaridhisha wageni tu. Mtaa ule ni tambarare kama meza. Mvua ikinyesha maji hayajui pa kwenda, yanasimama yakitazamana na watu. Mashimo ya vyoo yalikuwa yanajaa kila baada ya miezi michache, na yakijaa hayajifichi: harufu inaingia sebuleni kama ndugu aliyezoea. Kwa hiyo mradi ulipotangazwa, watu walishangilia kweli.

Aliyeuchora mradi alikuwa mhandisi mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitandika ramani juu ya meza ya mwalimu, akawaeleza wakazi bila kuwatisha kwa maneno magumu. Mabomba yatapita chini ya mtaa, nyumba kwa nyumba, na kila baada ya nyumba chache patakuwa na chemba yenye mfuniko. Mwisho wa mtaa, nyuma ya uwanja wa mpira, yatachimbwa mabwawa matatu. La kwanza uchafu unazama, la pili jua linafanya kazi yake, la tatu maji yanatoka ya kumwagilia miti.

"Na mashine?" mtu akauliza. "Umeme ukikatika je?"

"Hakuna mashine. Maji yatatembea yenyewe," mhandisi akasema. "Ila nawaambieni ukweli, ardhi yenu hii ni bapa. Kati ya nyumba ya mwisho na bwawa la kwanza nimebakiwa na vidole vinne tu vya nafasi. Vidole vinne hivyo ndivyo roho ya mradi. Tukivipoteza, maji yatasimama kwenye mabomba kisha yatarudi yalikotoka." Akainua mkono wake, vidole vinne vimelala pamoja, wote waone.

Mama Ufagio, aliyesimama mlangoni na ndoo yake, alivitazama vidole vile kama watu wengine wote. Baadaye alivikumbuka sana.

Kisha akaja mpimaji. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, penseli nyuma ya sikio, na darubini ya miguu mitatu aliyoibeba begani kama mtoto. Siku ya pili tu mtaa ulishampa jina: Bwana Darubini. Huyu alitaka mahali pa kuanzia vipimo, mahali pasipotikisika. Alipiga teke mawe, akatikisa nguzo, akafika kwenye kizingiti cha Mama Ufagio, akapiga mguu mara mbili.

"Nani kajenga hiki?"

"Marehemu mume wangu. Chini kuna jiwe, hakijawahi kupasuka."

"Alikuwa mtu wa kazi huyo. Hebu niazime kizingiti chako, mama."

Akachimba msalaba mdogo kwa patasi, akaujaza rangi nyekundu, pembeni akaandika namba. Akamwambia kwamba mabomba yote ya mtaa yatahesabiwa kuanzia pale, kwa hiyo asipaguse. Mama Ufagio alitembea na habari hiyo wiki nzima. Waliokuja kumsalimia walipita pembeni wakijifanya wanaogopa. "Tupishe jamani, hapa ni makao makuu," dada yake alisema, akiinua sketi kama anayevuka mto. Na Bwana Darubini akawa mtu wa nyumbani. Kila asubuhi alianzia kazi palepale, akapewa chai kwenye glasi, akamsalimia mgonjwa, akamwita mwenye nyumba mama ingawa walilingana umri.

Jambo moja Mama Ufagio hakulijua, na alikuja kulijua kikaoni pamoja na wenzake: karatasi za mradi zilimwagiza mpimaji ajenge nguzo ya zege ndani ya uwanja wa shule, aizungushie waya, na alama iwekwe juu ya nguzo hiyo. Nguzo haikujengwa. Kuijenga ni siku tatu za jasho, na kizingiti kilikuwa tayari, tena chenye chai.

Mabomba ya mtaa yalizikwa yote. Kabla ya kuanza mabwawa, kazi ilisimama kungoja mvua zipite. Mvua zenyewe zilikuja kwa hasira mwaka ule. Asubuhi moja Mama Ufagio aliamka akakuta maji yameruka kizingiti, godoro la mama yake limelowa, na bibi wa watu amelala ndani ya maji, kimya, kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi mwashi, akasema dawa ni kupandisha kizingiti kwa tofali moja la kulaza na plasta juu yake. Mama Ufagio akamwambia asubiri kwanza aulize.

Bwana Darubini alipita siku ileile kuchukua vifaa vyake, maana alikuwa amepangiwa kazi nyingine. Alikaa kwenye kigoda, akapewa glasi yake.

"Bwana, nina neno la kukuuliza."

"Uliza mama, ila usiniulize mshahara."

"Hii alama yenu. Mvua imeingia mpaka kwa mama, godoro hilo hapo linakauka. Shemeji anataka anipandishie kizingiti. Lakini wewe uliniambia nisipaguse."

Alipuliza chai, akanywa kidogo. "Mabomba yameshalala, mama. Kazi na hii tumemaliza."

"Sasa nifunike tu?"

"Funika. Ila ichore tena juu yake, palepale ilipo. Wenzangu wakija wasije wakasema nimekula chai na kizingiti."

"Na namba zake?"

"Na namba zake. Utaweza?"

"Kusoma siwezi. Kuchora naweza."

Akacheka, si cheko la dharau. Akatoa penseli sikioni, akafungua daftari lake la kijani, akaandika mstari mmoja, akalifunga, akaweka glasi juu ya jalada. Alipoinua glasi ilibaki duara ya chai, ambayo haikufutika hata alipoisugua kwa shati. "Umeniwekea muhuri," akasema. Akaaga mgonjwa, akaenda zake.

Mama Ufagio aliifanya kazi ile kama mtihani. Kabla shemeji hajaweka tofali, alichukua kipande cha boksi akaziiga zile namba kwa mkaa, moja moja, mkunjo kwa mkunjo. Akavuta uzi kutoka kona ya mlango hadi kwenye msalaba, akaufunga fundo; akavuta mwingine kutoka upande wa pili, akaufunga fundo. Plasta ilipokuwa bado mbichi alirudisha nyuzi zake, na pale mafundo yalipokutana akachora msalaba kwa msumari, kisha namba. Alipima kulia na kushoto bila kukosea hata kwa upana wa unyasi. Juu hakupima. Hakuna aliyemwambia kwamba alama ile haikuwa na habari na kulia wala kushoto. Yote ilikuwa ni habari ya juu na chini.

Shemeji alimtazama akipaka rangi nyekundu ya kucha aliyoazima kwa dada yake, akasema, "Shemeji, ungesoma wewe, tungekukimbia."

Mvua zilipokata likaja kundi jingine la kuchimba mabwawa, na mpimaji mwingine. Huyu alipiga simu kuuliza alama iko wapi, akaambiwa kizingitini kwa mama fulani. Akaikuta. Akainama, akaisoma, akalinganisha na karatasi yake.

"Nani kaandika hii? Inasomeka kuliko zetu."

"Mimi," Mama Ufagio akasema, na akawapelekea kigoda.

Aliwatazama wakisimamisha ule ufito mrefu wenye namba juu ya msalaba wake, darubini ikiuangalia kutoka mbali. Siku ile alifagia shule akiimba. Kila ukuta wa mabwawa yale, kila mdomo wa bomba la kuingilia, ulihesabiwa kutoka kwenye kizingiti kilichopanda kwa vidole nane. Mabomba ya mtaa yalikuwa chini yakingoja kwa hesabu ya zamani. Mwenye kujua maana ya hayo mawili kwa pamoja alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa mbali akipima barabara.

Mradi ulifunguliwa kwa utepe na hotuba. Kwa miezi mitatu kila kitu kilikwenda vizuri, kwa kuwa mabwawa makubwa namna ile hayajai kwa haraka, na bwawa tupu halina ugomvi na mtu. Watu walifukia mashimo yao ya vyoo. Wengine walijenga vibanda juu yake. Hilo ndilo la kusikitisha zaidi: hawakubakiza hata pa kurudi.

Mwezi wa nne tangu ufunguzi, asubuhi moja, dada mtu alikuja shuleni amevaa kandambili, kanga imeloa hadi magotini. Alikuwa bado na mzaha mdomoni.

"Mdogo wangu, njoo uone. Mtaa mzima umekuja kunitembelea, tena bila hodi."

Maji yalikuwa yamepanda kwenye tundu la bafu, yakajaza bafu, yakaingia ukumbini, yakafika chumba cha cherehani. Sare alizozishona za muhula mpya, zilizopangwa chini juu ya mkeka kwa kuwa kabati lilikuwa limejaa, zilikuwa zinaelea. Walizoa kwa ndoo hadi adhuhuri. Walipomaliza yalipanda tena. Siku ya tatu yakatokea nyumba ya jirani yake, kisha nyumba iliyofuata. Kila asubuhi, mtaa ulipoamka na kuoga, nyumba za chini zilijua nani kaoga.

Ofisi ilileta watu wenye fito na kamera ya kuingiza bombani. Walitafuta kizibo, hawakukiona. Wakasema wakazi watakuwa wanatupa matambara chooni. Wakaondoka.

Aliyelipata tatizo ni shemeji, kwa kifaa cha mafundi masikini: mpira mweupe mwembamba uliojazwa maji. Ncha moja aliishika Mama Ufagio kwenye chemba ya mbele ya nyumba ya dada yake, ncha nyingine aliishika shemeji kwenye ukingo wa bwawa la kwanza. Maji ndani ya mpira yakasimama sawa huku na huku, kama kawaida yake. Shemeji akaweka rula, akapima, akarudia. Akaja akitembea polepole.

"Shemeji. Bwawa liko juu mno. Limelipita bomba kwa vidole vinne, na lilitakiwa liwe chini yake kwa vinne: jumla nane. Lingekuwa chini kwa vidole nane tu, kila kitu kingekaa sawa."

"Vidole nane," Mama Ufagio akasema.

"Nane." Kisha yeye mwenyewe akaitazama rula tena, kwa sababu tofali la kulaza na plasta yake ni yeye aliyeviweka, na alijua unene wake.

Walitazamana. Shemeji alikunja mpira wake taratibu, akamwaga maji yake chini.

"Nisikilize," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna anayejua. Leo nabomoa, narudisha kama zamani. Nyamaza."

"Nikinyamaza, dada atakaa na mavi ya watu mpaka lini?"

"Ukisema, watakubebesha wewe."

"Watanibebesha vipi? Mwenyewe alinipa ruhusa. Kaandika daftarini, nimemwona. Ni mtu wa nyumbani yule."

Kwa hiyo alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Hakuna aliyemshika wala kumchongea. Alikwenda ofisini akamwambia mhandisi mwenye miwani: kizingiti kimepanda, mimi ndiye niliyekipandisha, mpimaji wenu aliniruhusu, akaniambia nichore tena. Mhandisi alivua miwani. Akasema, "Mama, umeniokolea mwezi mzima wa kutafuta." Akaitisha kikao.

Kikao kilifanyika shuleni, darasa la tano, kwa kuwa ndilo lenye nafasi. Mama Ufagio alilifagia mwenyewe asubuhi, akapanga madawati. Mtaa wote ulikuja. Dada yake alikaa mbele, mikono imepauka kwa dawa ya kufulia. Bwana Darubini alikuja na shati jeupe, akasalimia kwa kuinua kichwa. Mama Ufagio alimtabasamia. Alikuwa hajajua bado.

Mhandisi alieleza yote kama yalivyo, akaeleza na habari ya nguzo ambayo haikuonekana. Kisha akamgeukia mpimaji. "Nguzo ilijengwa?"

"Ilijengwa," mpimaji akasema. "Itakuwa imeng'olewa. Vyuma vinaibwa sana huku."

Watu wakanong'ona.

"Na kizingiti?"

"Kizingiti niliweka alama ya muda tu, ya kunisaidia. Mwenye nyumba nilimwonya asiiguse."

"Anasema ulimruhusu aipandishe. Kwamba ulimwambia aichore tena."

Bwana Darubini alimtazama Mama Ufagio, akatikisa kichwa kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuua mwanamke wa watu. "Mheshimiwa, mimi ni mpimaji wa miaka ishirini na sita. Mtu wa kazi hii anaweza kumwambia msafishaji achore alama ya serikali? Kwa rangi ya kucha?"

Darasa zima likacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu lilichekesha. Dada yake hakucheka.

Mama Ufagio alisimama. "Bwana, si ulikaa kwenye kigoda changu? Si uliandika kwenye daftari la kijani, ukaweka glasi juu yake?"

"Chai nilikunywa, mama. Siwezi kukataa chai yako."

Wakacheka tena. Mwenyekiti wa mtaa akamwambia Mama Ufagio akae chini. Mpimaji wa pili aliulizwa, akasema yeye aliikuta alama na namba sahihi, hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Shemeji aliulizwa, akasema ruhusa aliisikia kutoka kwa shemeji yake, si kwa mpimaji. Ndivyo ilivyokuwa, hakuweza kusema zaidi. Mhandisi alifunga jalada lake polepole.

"Mimi sisemi mama anadanganya," akasema. "Lakini kubomoa bwawa na kulishusha ni kazi kubwa, na ofisi itaniuliza kosa ni la nani. Likiwa la mtu wetu, tunabomoa na kujenga upya, hakuna mjadala. Likiwa la mkazi, ofisi haitagusa. Nipe ukurasa wa daftari hilo, mama, na nitaanza wiki hiyohiyo."

Barua ya ofisi ilikuja baada ya wiki mbili, akaisoma mwenyekiti kwa sauti: uharibifu umesababishwa na mkazi aliyechezea alama ya vipimo, hivyo marekebisho ni juu ya wakazi wenyewe. Kuanzia siku hiyo jina la Mama Ufagio likafa. Wakamwita Mama Kizingiti. Shule haikumfukuza, mwalimu mkuu alimwambia tu apumzike kwanza mpaka wazazi wapoe. Wazazi hawakupoa.

Dada mtu ndiye aliyehama wa kwanza. Alipakia cherehani kwenye mkokoteni, akaja hadi mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Dada, wewe unaniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nimeshindwa kukutukana." Aliangalia ndani, kwa mama yao aliyelala. "Lakini mdogo wangu, kwa nini ulitaka iwe nzuri hivyo? Ungeichora vibaya, wangeshtuka."

Hilo ndilo lililobaki likimtafuna. Dada aliondoka na mkokoteni wake, na hajarudi.

Mama Kizingiti alijipa moyo akaenda ofisini kumtafuta mpimaji. Alikaa kwenye benchi la mapokezi siku tatu mfululizo, mkoba mapajani.

"Yuko kikaoni," msichana wa mapokezi alisema.

"Kikao cha siku tatu?"

"Vya hapa ni virefu, mama yangu."

Siku ya nne hakukaa kwenye benchi. Alizunguka nyuma, kwenye maegesho ya magari, akamkuta Bwana Darubini anafunga miguu mitatu ya darubini kwenye gari la mradi. Hakukimbia. Alichoka tu, usoni, kama mtu aliyejua kwamba siku hiyo itafika.

"Mama, usinichimbe."

"Sijaja kukuchimba. Nimekuja kuchukua ukurasa."

"Daftari lilipotea tulipohama chumba."

Lilikuwa kwenye kiti cha mbele, dirisha liko wazi. La kijani, lenye duara ya chai juu ya jalada. Wote wawili walilitazama.

"Ile nguzo ilikuwa niijenge mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Nikikubali kwamba nilikuruhusu, nimekubali kwamba sikuijenga, na kwamba nilisaini kuwa nimeijenga. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Nina watoto, mama."

"Mimi nina dada."

Bwana Darubini aligeuka kukaza kamba. Mama Kizingiti akaingiza mkono dirishani akalichukua daftari.

Lilikuwa mkononi mwake. Mhandisi alikuwa ghorofa ya juu, ngazi ishirini na kitu kutoka pale. Alilifungua, akatafuta zile namba, zile alizoziiga kwa mkaa mkunjo kwa mkunjo, namba pekee duniani alizozijua. Akaziona ukurasa wa kwanza, moyo ukamruka. Akafunua, akaziona wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Kila ukurasa wa daftari lile ulianza na namba zake, kwa sababu kila kipimo cha mtaa ule kilianzia kizingitini kwake. Chini ya kila namba kulikuwa na mistari na mistari ya maandishi, yote sura moja, kama mchanga. Mmoja kati ya mistari hiyo ulikuwa unasema kwamba yeye hana kosa. Alisimama akiuangalia na hakuujua.

Kama angekimbia nalo wakati ule, pengine. Lakini alisimama kutafuta, na Bwana Darubini alimaliza kamba yake, akaja, akaliondoa daftari mikononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea mtoto aliyelala. Akapanda gari. Alipowasha hakumtazama.

Mama Kizingiti alipanda ngazi zile hata hivyo, akamweleza mhandisi aliyoyaona. Mhandisi alimwita mpimaji kwa barua alete daftari. Lililoletwa lilikuwa la bluu, jipya, lenye mwandiko safi usio na haraka, na halikuwa na duara.

Sasa kila asubuhi, mtaa ukishaoga, Mama Kizingiti huteremka na ndoo mbili hadi chemba iliyo mbele ya nyumba ya dada yake. Nyumba yenyewe imefungwa, haina mtu. Hufunua mfuniko, huchota maji na kwenda kuyamwaga bwawani kwa mkono, ndoo kwa ndoo, juu ya ukingo ule uliozidi vidole nane, ili yasipande kwenye tundu la bafu na kuingia ukumbini. Hufanya hivyo ili dada asije akarudi akaikuta nyumba imeoza. Wapita njia hawamsalimii. Wengine hungoja amalize, kisha humtuma mtu kumwambia chemba ya kwao nayo imejaa. Huchota na hiyo. Mikono imemchanika vidonda visivyopona.

Akirudi mama yake humuuliza, "Dada yako mbona haji?"

"Ana sare nyingi, mama. Shule zinafungua."

Zimefungua na kufunga mara mbili tangu hapo. Kizingiti hakijabomolewa, shemeji alitaka, yeye alikataa. Msalaba uko palepale, na namba zake.

Shemeji hadaiwi, alisema alichokijua. Dada hadaiwi kitu chochote na mtu yeyote. Mhandisi anadaiwa bwawa lishushwe, na amekiri kwamba siku atakapopata ukurasa atalishusha. Deni lililobaki ni la mpimaji, anayepita barabara kuu na gari la mradi mara mbili kwa wiki. Anadaiwa daftari la kijani lenye duara ya chai. Anadaiwa arudi darasa la tano, mbele ya watu walewale waliocheka, dada mtu akiwa amekaa dawati la mbele, aseme kwamba yeye ndiye aliyemwambia achore. Kizingiti kipo, na kigoda kipo. Aje.